Namibia: Safari ya glaida huthibitishwaje ili ihesabiwe beji au rekodi?

Majira ya joto ya kusini mwa Afrika ni msimu mkuu wa marubani wa glaida, yaani ndege zinazopaa kwa nguvu ya hewa yenyewe bila kutegemea injini. Kuanzia Novemba hadi Januari marubani kutoka Ujerumani, Uswisi, Austria na kwingineko barani Ulaya huwasili nchini Namibia, ndege zao zikiwa zimetangulia kwa meli ndani ya makontena. Kituo chao mashuhuri ni Bitterwasser, kusini-mashariki mwa Windhoek, ukingoni mwa Kalahari, ambako sakafu kavu ya bwawa la chumvi hutumika kama uwanja wa ndege. Jua linapopasha mchanga joto, hewa hupanda kwa nguvu, na rubani mwenye ujuzi huhama kutoka mkondo mmoja hadi mwingine tangu asubuhi hadi karibu na machweo. Anayefikisha kilomita 1,000 kwa mara ya kwanza kutoka hapo hupanda mti wa jamii ya mitende, na miti hiyo imekwisha kuwa safu ndefu katika nchi isiyo na vivuli vingi.

Kupanda mti ni desturi ya kituo. Beji, stashahada na rekodi ni jambo jingine, kwa kuwa hutolewa chini ya kanuni za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga lililoundwa mwaka 1905 na lenye makao yake Lausanne, Uswisi. Kanuni za glaida zimo katika Sehemu ya Tatu ya Kanuni za Michezo za shirikisho hilo, chini ya usimamizi wa kamisheni yake ya glaida, IGC. Zinatumika Namibia sawasawa na zinavyotumika Afrika Kusini au Ujerumani. Rubani aweza kukaa angani kwa muda wa saa kumi, akatua salama na kupongezwa na wenzake wote, kisha akaambiwa kwamba safari yake haihesabiki kwa sababu ya jambo aliloliacha kabla gurudumu halijaondoka ardhini. Kwa hiyo inafaa kueleza ni nini hasa kinachodaiwa, na kwa nini.

Ngazi za beji

Ngazi ya kwanza ya kimataifa ni beji ya Fedha. Humtaka rubani, akiwa peke yake ndani ya ndege, aende umbali wa kilomita 50, apate ongezeko la kimo la mita 1,000, na akae hewani kwa muda wa saa 5. Beji ya Dhahabu inataka kilomita 300, ongezeko la mita 3,000 na muda uleule wa saa 5. Aliyekwisha kuutimiza muda huo kwa ajili ya Fedha hahitaji kuurudia. Baada ya hapo ziko Almasi tatu, ambazo kila moja hupatikana kwa safari yake: kilomita 300 kwa njia iliyotangazwa mapema, kilomita 500 za umbali, na ongezeko la kimo la mita 5,000. Juu yake kuna stashahada za kilomita 750, 1,000 na kuendelea, zikipanda kwa hatua ya kilomita 250.

Mfumo huu si mgeni. Beji mbili za kwanza za Fedha zilitolewa mwaka 1931 kwa Wolf Hirth na Robert Kronfeld, na mtu wa kwanza duniani kukamilisha Almasi zote tatu alikuwa Mmarekani John Robinson, mwaka 1950. Kilichobadilika mno tangu enzi zao ni namna ya kuthibitisha. Viwango vyenyewe vimedumu.

Neno «ongezeko la kimo» huwachanganya wengi. Halimaanishi kimo cha juu kabisa alichofikia rubani, bali tofauti kati ya mahali pa chini alipopita baada ya kuachiwa na ndege inayovuta na mahali pa juu alipofika baadaye. Aliyevutwa hadi mita 900 na kisha akapanda hadi mita 1,700 ameongeza mita 800 tu, na beji ya Fedha haipati.

Mwangalizi rasmi

Nguzo ya kwanza ya ushahidi ni mtu. Kila safari ya beji au rekodi lazima iwe chini ya uangalizi wa mwangalizi rasmi aliyeteuliwa kwa idhini ya klabu ya taifa ya michezo ya anga. Mtu huyu haruhusiwi kuwa rubani wala abiria wa safari hiyohiyo, wala kuwa na maslahi ya kifedha katika kufaulu kwake. Ndiye anayethibitisha ni nani aliyeingia ndani ya ndege, ndege gani, imeruka saa ngapi na kutoka wapi, imetua saa ngapi na wapi. Pale ambapo hakuiona ndege ikiruka au kutua, aweza kutegemea daftari rasmi la uwanja au la waongoza ndege, lakini hawezi kutegemea neno la rubani pekee.

Yapo maoni kwamba katika zama za setilaiti mwangalizi ni mabaki ya zamani tu. Maoni hayo hayana uzito. Chombo cha kisasa huweza kueleza ndege ilikuwa wapi katika kila sekunde ya siku, ila hakiwezi kueleza nani alikuwa ameketi ndani yake. Wala hakiwezi kusema kama kilikuwa kimefungwa katika ndege iliyotajwa, au kilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine katika ndege nyingine iliyopita njia hiyohiyo. Mambo hayo mawili bado yanahitaji macho na sahihi ya mwanadamu.

Tamko la kabla ya safari

Nguzo ya pili ni tamko, na hapa ndipo safari nyingi nzuri huharibikia. Kabla ya kuruka, rubani hutaja kwa maandishi au ndani ya kinasa safari kile anachokusudia kufanya. Tamko kamili lina tarehe, jina la rubani, aina ya glaida na namba yake ya usajili au ya utengenezaji, aina na namba ya kinasa safari kitakachotumika, na kisha mahali pa kuanzia, vituo vya kugeukia kwa mpangilio wake, na mahali pa kumalizia. Likiwa la karatasi, linatiwa sahihi na rubani na mwangalizi, pamoja na saa.

Tamko moja tu ndilo linalohesabika, nalo ni la mwisho lililotolewa kabla ya kuruka. Kanuni hii inaonekana ndogo, lakini athari yake ni kubwa. Rubani aliyeandika karatasi asubuhi, akaisainisha, kisha dakika kumi kabla ya kuruka akabadilisha njia ndani ya kinasa ili «kujaribu kidogo», ameifuta karatasi yake mwenyewe. Vivyo hivyo, katika klabu ambazo ndege moja hurushwa na watu wengi, kinasa huweza kubaki na jina la rubani wa jana. Asiyelibadilisha ataleta faili lenye tamko la mtu mwingine, na mwangalizi atalazimika kueleza kwa maandishi jambo ambalo lingerekebishwa kwa kubonyeza vitufe vichache.

Kwa nini tamko lidaiwe kwa ukali namna hii? Kwa sababu kusema baada ya tukio kwamba «nilikusudia kwenda kule nilikofika» si umahiri wa kuongoza ndege. Almasi ya lengo hupima uwezo wa kuitazama hali ya hewa asubuhi, kuchagua njia, na kuikamilisha. Hata hivyo zipo rekodi za aina huria, ambamo vituo vya kugeukia huchaguliwa kutoka katika kumbukumbu baada ya kutua. Mfano wake mkubwa ni safari ya Mjerumani Klaus Ohlmann, ambaye tarehe 21 Januari 2003 alisafiri kilomita 3,009 nchini Argentina, akitumia mawimbi ya upepo yanayojengeka upande wa milima ya Andes. Rubani anayetaka beji asitegemee uhuru huo. Asome kwanza kama kipengele anachokiwania kinadai tamko.

Kona, pembetatu na hesabu ya kimo

Kufika kwenye kituo cha kugeukia kuna maana yake ya kisheria. Ndege lazima iingie ndani ya eneo la uthibitisho, ambalo huwa la aina mbili. La kwanza ni pembe ya digrii 90 inayofunguka upande wa nje wa kona, isiyo na kikomo cha umbali. La pili ni duara lenye nusu kipenyo cha mita 500 kuzunguka kituo; hilo ni rahisi zaidi kwa rubani, lakini urefu unaohesabika wa njia hupunguzwa kwa sababu hiyo. Aliyepanga njia ya kilomita 500 na mita chache tu, kisha akatumia maduara, atakuta umbali wake umeshuka chini ya 500.

Pembetatu nayo ina masharti ya umbo, ili mtu asiende na kurudi katika mstari mmoja na kuuita pembetatu. Kwa zilizo chini ya kilomita 750, kila upande lazima usipungue asilimia 28 ya urefu wote. Kwa za kilomita 750 na zaidi, hakuna upande unaoruhusiwa kupungua asilimia 25 wala kuzidi asilimia 45. Katika pembetatu ya kilomita 1,000 iliyochorwa juu ya Kalahari, basi, upande mfupi kabisa ni kilomita 250 na mrefu kabisa 450.

Jambo linalowauma marubani kuliko yote ni hesabu ya upungufu wa kimo. Glaida hubadilisha kimo kuwa umbali: ikianzia juu sana na kumalizia chini sana, sehemu ya safari imepatikana kwa kuteremka tu. Kwa hiyo kanuni zinaweka mpaka. Katika safari za umbali zinazozidi kilomita 100, tofauti kati ya kimo cha kuanzia na cha kumalizia isizidi mita 1,000. Ikizidi, ile ziada huzidishwa mara 100 na kukatwa kutoka katika umbali. Tuseme rubani amesafiri kilomita 510 akitafuta Almasi ya kilomita 500, naye alianzia mita 3,000 kutoka usawa wa bahari na kumalizia mita 1,800. Amepoteza mita 1,200. Ziada ni 200. Mara 100 ni mita 20,000, yaani kilomita 20. Umbali wake rasmi ni kilomita 490, na Almasi imempita. Katika safari za kasi na za muda adhabu ni kali zaidi, kwani kuvuka mpaka huo hufuta safari yote. Kwa safari zisizozidi kilomita 100, upungufu unaoruhusiwa ni asilimia 1 ya umbali. Mwanafunzi wa Fedha anayekwenda kilomita 50 ana ruhusa ya mita 500 tu, na asipomwambia mapema rubani wa ndege inayomvuta amwachie chini, atakuwa ameshindwa kabla ya kuanza.

Kutoka masizi hadi setilaiti

Kwa miongo mingi ushahidi wa kimo ulitolewa na barografu, kisanduku chenye pipa dogo linalozungushwa kwa mashine ya saa. Pipa hilo lilifunikwa karatasi ya alumini iliyopakwa masizi kwa kuipitisha juu ya moshi, na sindano iliyounganishwa na kipima mgandamizo wa hewa ilichora mstari juu ya masizi hayo kadiri ndege ilivyopanda na kushuka. Mwangalizi alikifunga kisanduku kwa lakiri kabla ya safari, akakifungua mwenyewe baada ya kutua, na kutia sahihi yake juu ya karatasi hiyo. Ushahidi wa vituo vya kugeukia ulikuwa picha. Rubani alianza kwa kupiga picha ya ubao ulioandikwa tamko lake, kisha akapiga picha ya kila kituo kutoka upande uliotakiwa, na filamu ilipaswa kusafishwa bila kukatwa ili mfuatano wake ubaki kuwa ushahidi. Bawa likiinuka kwa bahati mbaya na kuziba lenzi, safari ya siku nzima ilikuwa imepotea.

Zama hizo zilianza kupita katikati ya miaka ya 1990. Mashindano ya dunia ya mwaka 1995 huko Omarama, New Zealand, yalitumia vinasa safari vya setilaiti, na leo vyombo hivyo ndivyo ushahidi wa kawaida.

Kinasa safari kilichoidhinishwa na IGC huandika faili la maandishi ya kawaida ambalo hata mtu asiye fundi aweza kulifungua na kulisoma. Mstari unaoanza kwa A unamtaja mtengenezaji na namba ya chombo. Mistari ya C inabeba tamko. Mistari ya B, ambayo huwa maelfu, inataja saa, latitudo, longitudo, kimo kwa kipimo cha mgandamizo wa hewa na kimo kwa kipimo cha setilaiti, kwa kawaida kila baada ya sekunde chache. Saa zake ni za dunia, si za mahali: mstari unaosomeka 073000 ni saa tatu na nusu asubuhi kwa saa ya Windhoek na ya Johannesburg. Mwangalizi asiyelikumbuka hilo hujaza fomu yenye saa zisizolingana na faili, na dai hurudishwa kwa maswali.

Mwishoni mwa faili kuna mistari ya G, ambayo ni sahihi ya kidijitali. Mtu akibadilisha tarakimu moja tu ya mahali au ya saa, programu ya uhakiki itatangaza kwamba faili halifai tena. Aidha, ndani ya chombo kuna swichi ndogo: kifuniko kikifunguliwa, ufunguo wa siri unafutika na chombo hakiwezi kutoa sahihi halali mpaka kirudishwe kwa mtengenezaji au wakala wake. Kipimo cha mgandamizo nacho hupelekwa maabara kulinganishwa na kipimo sanifu ndani ya muda uliowekwa, na cheti chake huambatishwa kwenye dai.

Glaida nyingi zinazoletwa Namibia zina injini ndogo ya kuzirusha au kuziokoa pale hewa inapokufa. Itajulikanaje kwamba haikuwashwa katikati ya safari? Kinasa kina maikrofoni inayopima kelele ndani ya chumba cha rubani na kuandika kiwango chake kutoka 000 hadi 999 katika kila mstari wa B. Injini ikiwaka, tarakimu hupanda ghafla. Kwa injini tulivu, kama zile za umeme, maikrofoni pekee haitoshi, na kihisi kingine huongezwa.

Kwa beji za Fedha na Dhahabu yanakubaliwa pia matumizi ya vifaa vya bei nafuu vya kurekodi mahali, mradi klabu ya taifa imeviidhinisha. Kwa kuwa vifaa hivyo hupima kimo kwa setilaiti pekee, rubani hudaiwa nyongeza ya mita 100 juu ya kiwango. Kwa Almasi, stashahada na rekodi havikubaliki.

Namba zinapotofautiana

Tofauti kati ya kimo cha mgandamizo na kimo cha setilaiti si jambo la wataalamu peke yao. Tarehe 2 Septemba 2018 Jim Payne na Tim Gardner walipaa kutoka El Calafate, Argentina, katika glaida ya Perlan 2 yenye chumba kisichopitisha hewa. Habari zilizoenea siku zile zilitaja zaidi ya futi 76,000, ambacho ni kimo cha mgandamizo. Rekodi iliyoandikwa katika orodha ya FAI ni mita 22,657, karibu futi 74,300. Hakuna aliyedanganya: ni vipimo viwili vya hewa ileile, na kanuni ndizo zinazoamua kipi kinatumika kwa rekodi. Msomaji anayekutana na namba mbili za safari moja asiharakishe kumtuhumu mwandishi wala rubani.

Dai na muda wake

Baada ya kutua, mwangalizi mwenyewe hupakua faili kutoka kwenye kinasa, au husimama hapo likipakuliwa, na kubaki na nakala yake. Faili la asili lisifunguliwe na kuhifadhiwa upya katika programu nyingine, kwa kuwa hata nafasi iliyoongezwa bila kukusudia huweza kuivunja sahihi. Dai la beji hupelekwa kwa afisa wa madai wa klabu ya taifa ya rubani. Kwa wakazi wa Afrika Kusini, njia hiyo hupitia Soaring Society of South Africa, chama cha glaida kilicho chini ya Aero Club of South Africa.

Rekodi ya dunia ina haraka zaidi. Taarifa ya awali lazima iifikie FAI ndani ya siku 7 tangu safari, na jalada kamili lililokwisha kuhakikiwa na klabu ya taifa ndani ya siku 120. Rubani wa Ulaya anayevunja rekodi juu ya Kalahari mwanzoni mwa Januari, wakati ofisi za kwao bado zimo katika mapumziko ya mwaka mpya, huwa na wiki moja tu, nayo huanza kuhesabiwa kabla vumbi la Bitterwasser halijafutwa kwenye mabawa.